Damu ya Malkia na Barafu ya Kina Mama

Vijana wangu mliopewa gambuti mpya juzi, tuanze na mkia.

Ng'ombe hutolewa damu shingoni au chini ya mkia. Chuoni mtafundishwa shingo, na picha zake ni nzuri, ng'ombe ametulia kama anapigwa picha ya kitambulisho. Mimi nawaambia mkia. Uinue wima kwa mkono mmoja, upapase kwa kidole upande wake wa chini mpaka upate kibonde katikati, uingize sindano taratibu hadi iguse mfupa, kisha uirudishe kidogo tu. Damu itakuja yenyewe. Na unapofanya hivyo simama kando kidogo, wala si nyuma kabisa, na ufunge mdomo. Hilo la mdomo sitalieleza. Atakayelipuuza atarudi kunieleza mwenyewe.

Jina langu ni Dama. Watu wa Mjambere, kule Kisauni, waliniita Daktari Dama, na nilipowaambia mimi si daktari, ni mtu wa maabara, walisema, "Haya, Daktari, tumesikia." Nikaacha kubishana nao. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka mitaa yote ya Mombasa iliyo nje ya kisiwa, Kisauni, Changamwe na Likoni, nikitoa damu ya ng'ombe wa watu na kuipima katika maabara yetu ndogo kule Changamwe. Ziwa la Ng'ombe niliwahi kufukuzwa na bibi mmoja mwenye ufagio aliyeapa kwamba mimi ni mumiani na kwamba nikimaliza ng'ombe nitaingia kwa watoto wake. Mtaa una jina la ng'ombe na nafasi ya kuku, na hao ng'ombe wachache waliobaki ndio nilikuwa nimewafuata. Nilikimbia na ndoo yangu. Siku ya pili nilirudi na mchungaji wa kanisa lake, tukanywa chai, tukacheka, lakini ng'ombe wake hakunipa.

Aliyenifundisha kazi ya nje hakuwa mtu wa maabara. Alikuwa Bwana Charo, mtia mbegu, aliyezunguka na pikipiki na mtungi wake wa mbegu za fahali zilizogandishwa. Aliyajua mabanda yote ya ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa wenye damu ya kizungu, kuanzia Frere Town mpaka mwisho wa Kisauni, na kila banda alikaribishwa maziwa lala, yale ya mgando. Ni yeye aliyenieleza shida ya ng'ombe wa kwetu. Ng'ombe wa bara, alisema, akiingia joto la kutaka dume mtaa mzima unajua. Anapiga kelele, anapanda wenzake, anaharibu uzio. Wa Pwani, kwa jua hili na banda la mabati, anaingia joto kimyakimya, saa chache tu, tena saa ambazo mwenyewe yuko sokoni. Mwenye ng'ombe anasubiri dalili, dalili haiji, mwaka unapita, na ng'ombe anaendelea kula majani ya nepia na mashudu ya nazi kama mwenye haki zake.

Ndipo ilipokuja ile sindano ya kurudisha joto. Wenye ng'ombe waliipokea kwa shangwe, na Bwana Charo akasifiwa kama yeye ndiye aliyeitengeneza. Mnajua wenyewe, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akawa anaipiga kwa kila ng'ombe aliyeambiwa amenyamaza. Wengine waliingia joto baada ya siku chache, wakapandishwa, wakashika mimba. Wengine ilikuwa sawa na kuchomwa maji. Na mmoja au wawili, jambo ambalo watu hawakupenda kulizungumza, walitupa mimba ambazo hakuna aliyejua kama wanazo.

Sababu yake si uchawi. Ng'ombe yai likishatoka, pale lilipotoka kwenye ovari huota kinundu cha manjano. Kinundu hicho hutoa homoni inayoitwa projesteroni, na homoni hiyo ikiwa nyingi kwenye damu, joto haliji. Sindano kazi yake ni kuyeyusha kinundu. Kama kinundu hakipo, hakuna cha kuyeyusha, dawa imepotea. Kama kipo kwa sababu ng'ombe ana mimba, basi umeiyeyusha na mimba. Kwa hiyo ukipima damu kwanza unaweza kujua nani ataiitikia dawa na nani atakupotezea. Homoni iko juu, kinundu kipo, mkague mimba kisha umdunge. Homoni iko chini, weka sindano mfukoni, mlishe, umpe madini, umtazame tena.

Mpango huo aliuanzisha Daktari Wanjala alipohamishiwa kwetu kutoka bara. Alikuwa kijana mrefu, mcheshi, Kiswahili chake cha haraka haraka, na mwanzoni yeye na Bwana Charo walikuwa mafahali wawili katika zizi moja. Charo alisema, "Miaka yote hii ng'ombe wanazaa bila kuulizwa damu." Wanjala akamjibu, "Na wale hawakuzaa, mzee, ni nani aliwauliza?" Mimi nilikuwa katikati yao, nimeshika vichupa.

Sasa niwaambie habari ya Malkia.

Malkia alikuwa ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe tumboni, mwenyewe Mama Jumwa wa Mjambere. Mama Jumwa aliuza maziwa, na kwa maziwa ya Malkia peke yake alikuwa amesomesha, amejenga vyumba viwili na kumzika mamake kwa heshima. Ng'ombe wengine bandani hakuwa nao. Malkia alizaa mara ya mwisho, akakamuliwa, na baada ya hapo Bwana Charo akamtia mbegu mara kadhaa bila kushika. Mara ya mwisho hakutaka hata kumtia. Mama Jumwa alisema ameona ute asubuhi, dalili ya joto, Charo akasema ameota, wakavutana, Charo akamtia ili aache kelele. Baada ya hapo Malkia akawa kimya kabisa. Joto halikuonekana, maziwa yakapungua, na mchinjaji wa mtaa wa pili akaanza kupita pale kila jioni akisalimia kwa sauti ya huruma.

Nilimtoa damu Malkia pamoja na ng'ombe wengine wa Kisauni kwenye mzunguko wa kwanza. Msidhani majibu yalitoka siku hiyo hiyo. Kipimo chetu kilikuja na sahani ya vijishimo vingi, ukiifungua lazima uitumie yote, kwa hiyo tulizungusha damu kwa mashine, tukatenga maji yake, tukayagandisha, tukasubiri sahani ijae. Hili nalo mlijue mapema. Mwenye ng'ombe hataki kusikia habari za sahani.

Majibu yalipotoka, Changamwe walikuwa mchanganyiko, juu na chini, kama inavyotakiwa. Likoni vilevile. Kisauni wote walikuwa chini. Ng'ombe wote, banda baada ya banda, homoni karibu na hakuna. Ukisoma karatasi ile ungesema Kisauni nzima hakuna ovari inayofanya kazi. Malkia alikuwa miongoni mwao. Hana joto, hana homoni, kwa hesabu yetu ovari zimelala na dawa hataiitikia.

Nilimpelekea Mama Jumwa jibu hilo mwenyewe. Nilimkuta anaosha madebe ya maziwa.

"Kwa hiyo hata hiyo sindano haitamfaa?"

"Kwa damu hii, haitamfaa, mamangu. Mlishe vizuri, tutampima tena."

"Nimlishe na nini, Dama? Ng'ombe asiyezaa anakula nyumba." Akaendelea kusugua debe. "Basi nitasemezana na yule bwana. Heri aende akiwa na nyama mwilini."

Sikulala vizuri. Nimeona ng'ombe wengi wakienda kichinjioni, na si kila mmoja wa kulilia, lakini yule mama niliumia kwa ajili yake, kwa sababu alilipokea neno langu kama neno la hospitali. Hakuuliza mara mbili.

Wanjala ndiye aliyekataa kulala na majibu yale. Alikaa na karatasi mpaka chai yake ikafanya utando. Akaniita.

"Dada Dama, ng'ombe wote hawawezi kuwa hivi. Hata kama ni njaa, hawawezi kulala wote pamoja. Hii damu ilisafiri aje?"

Nikamwambia ilisafiri kwa pikapu ya ofisi, ndani ya boksi la barafu, kama ya Likoni.

"Ya Likoni inangoja feri, inakaa kwa jua, na bado iko sawa. Ya Kisauni inakuja moja kwa moja na imekufa." Akanieleza jambo ambalo sijalisahau. Damu ya mtu ukiipima homoni hii inavumilia kidogo. Damu ya ng'ombe haivumilii. Chembe nyekundu za ng'ombe zenyewe huila hiyo projesteroni ikiwa damu imekaa na joto kabla ya kuzungushwa. Asubuhi ng'ombe ana homoni tele, mchana chupani hamna kitu. Haionekani kwa macho, haibadiliki rangi wala harufu. Mashine itasoma chini, na itasoma kwa uaminifu kabisa.

"Basi barafu iliisha," nikasema.

"Ama haikuguswa," akasema. "Si uende na hilo gari uone?"

Kwa kawaida mimi nilikuwa nikishatoa damu ninaenda mabanda mengine na Bwana Charo, na vichupa vinatangulia na dereva. Safari ile nilipanda gari mwenyewe. Tulitoa damu upya kwa ng'ombe wote wa Kisauni, Malkia akiwamo. Zilikuwa zimepita wiki nyingi tangu ile ya kwanza. Mama Jumwa alinionya kwamba ninajisumbua, amekwisha kubaliana na mchinjaji, Jumamosi watakuja kumchukua. "Lakini toa," akasema. "Damu yenyewe itamwagika tu."

Hapa lazima mjue mpango wetu wa barafu. Ofisi haikuwa na barafu. Barafu ya Kisauni walileta kina mama wa maziwa wa huko, wakiinunua kwa wauza samaki, na kwa shukrani gari likawabebea maziwa yao kuelekea kwa wateja wa Changamwe. Boksi lilikuwa moja. Mmoja wao hupanda na maziwa ili yasimwagike, na mara nyingi huyo alikuwa Mama Jumwa. Mpango mzuri, kila mtu anamfaa mwenzake, na hakuna aliyeuandika popote.

Nikapanga vichupa barafuni kwa mkono wangu. Mama Jumwa akapanda na madebe yake madogo, akafungua boksi kuyatia. Kisha nikamwona, kwa upole wote, anavitoa vichupa vya damu kimoja kimoja, anavipanga kwenye leso safi, anaifunga, anaipakata mapajani kama mtoto mchanga, na ndipo anatia maziwa penye barafu na kufunga kifuniko. Hakujificha. Alinitazama na kutabasamu.

"Mama Jumwa, mbona umevitoa?"

Akanishangaa. "We Dama, mtoto wa Kigiriama mzima! Kwani kwenu hamkuambiwa? Maziwa na damu havikai chombo kimoja. Maziwa ya ng'ombe yakilala na damu yake, kesho akikamuliwa yanatoka mekundu."

Niliambiwa. Nyanya yangu aliniambia nikiwa mdogo, Kaloleni, na alinichapa kwa kusogeza kibuyu karibu na nyama mbichi. Nililijua katazo lile kama ninavyolijua jina langu, ila sikufikiri kwamba limepanda gari la serikali. Mwanamke yule hakuwa amechezea vipimo vyetu. Alikuwa anailinda chuchu ya ng'ombe wake. Na kwa kuilinda, aliipasha damu joto mapajani njia nzima, na msongamano wa magari wa kwetu mnaujua, mpaka ikafika Changamwe imeshajila yenyewe.

Sikumwambia kwamba ni ujinga, nanyi msije mkamwambia mtu hivyo. Nilimwambia ukweli, kwamba damu hii ikipata joto inatoa jibu la uongo, na kwamba jibu la Malkia huenda lilikuwa la uongo. Uso wake ulibadilika. Akaitazama leso.

"Ningejua ningeshuka na maziwa."

"Hukujua. Mimi nami sikuuliza."

Tulimwambia dereva asimame. Maziwa yalitoka, vichupa vikarudi barafuni, na madebe yalisafiri siku ile kwenye ndoo ya maji baridi tuliyoomba nyumba ya jirani. Wateja wa Changamwe walipata maziwa yaliyoanza kuganda, wakalalamika, na wakala lala.

Nilizungusha damu mara tulipofika, kabla sijavua viatu. Wanjala aliifungua sahani nyingine ikiwa haijajaa, bila kumwuliza mtu, na nikampenda kwa hilo. Ijumaa tukasoma. Kisauni ilifufuka, wengine juu, wengine chini, kama ng'ombe wa watu wote. Malkia alikuwa juu sana.

Tulifurahi, na hapo ndipo ninapotaka mnisikize vizuri. Furaha ya majibu mazuri ni ya hatari kuliko huzuni ya majibu mabaya. Wanjala alijaza sindano zake, tukaondoka Jumamosi asubuhi mapema mimi, yeye na Bwana Charo, tumjaribu Malkia kabla ya mchinjaji. Njiani tulikuwa tukihesabu lini ataingia joto na Charo atamtia mbegu gani.

Tulimkuta tayari amefungwa kamba. Kijana wa mchinjaji alikuwa ameifunga shingoni, amesimama nayo, anatafuna muwa. Mama Jumwa alikuwa upande wa pili wa banda, hakutaka kutazama.

"Shikamoo, mama," Wanjala akasema. "Subirini kidogo. Damu imesema ataitikia dawa."

"Imesema lini?" akauliza Mama Jumwa. "Juzi ilisema haitiki."

Wanjala akakishika kichupa cha dawa, akakitazama, kisha akampa Bwana Charo akishike. Akavaa glavu ndefu mpaka begani. Damu ikisema homoni iko juu haisemi kwa nini iko juu, na kwa ng'ombe aliyekwisha tiwa mbegu mkono lazima uingie kabla ya sindano. Aliingiza mkono, akageuza uso pembeni kama wafanyavyo wote, akifikiri kwa vidole. Alikaa muda. Charo alianza kusema kitu, nikamkanyaga mguu.

Wanjala alitoa mkono polepole. Alimwambia Charo, "Mzee, ingiza na wewe."

Charo akaingiza. Kisha yule mzee, ambaye siku ile ya kubishana alisema Mama Jumwa ameota, akaanza kucheka peke yake na mkono ukiwa ndani.

"Mama Jumwa," akasema, "ule ute uliuona kweli."

"Ute gani?"

"Ana mimba. Ile uliyonilazimisha."

Mama Jumwa alishika ukuta wa banda. Aliketi juu ya debe lililopinduliwa, akajifunika uso kwa leso, na mabega yakaanza kutikisika, na mimi sikujua kama analia au anacheka mpaka nilipokaribia. Alikuwa anafanya yote mawili. Nami nilijikuta nimeketi chini, kwenye sakafu ya banda, na mnajua sakafu ya banda ilivyo. Kama sindano ile ingepigwa, tungemwua ndama kwa majibu sahihi kabisa. Na wiki zilizotangulia, tulikuwa tumemwuza mama yake kwa majibu ya uongo.

Yule kijana wa mchinjaji alimaliza kutafuna muwa. "Sasa mimi nitamwambia nini tajiri?"

"Mwambie ng'ombe ana mgeni," akasema Mama Jumwa kutoka ndani ya leso. "Na wewe uliyefunga ndiye ufungue."

Akafungua. Malkia alitikisa shingo, akarudi kwenye nepia yake.

Baada ya hapo tulipata boksi la pili, la damu peke yake, na kina mama ndio waliochagua rangi yake. Bwana Charo akawa hapigi sindano bila karatasi yangu, na karatasi yangu haikutosha bila mkono. Mkiulizwa kama damu hutabiri, semeni hutabiri, lakini ulizeni nani aliibeba, ilikaa wapi, na mwenye ng'ombe anaamini nini kuhusu hicho mlichomchukulia. Mtapata majibu ambayo mashine haina kijishimo chake.

Malkia alipozaa mimi nilikuwa nimeshastaafu, niko nyumbani na wajukuu. Asubuhi moja simu ikalia, nikaona ni Mama Jumwa, nikasema, "Bwana asifiwe." Nikasikia majani yakikanyagwa, pumzi nzito karibu kabisa na simu, halafu sauti nyembamba, mbichi, ya kitu ambacho bado hakijajua kupaza sauti.

Nikaitikia. Mbele ya wajukuu wangu wote, nikamwambia ndama, "Marahaba."